Maswali yenu: isoleta, kidude kinachozuia mwanga usirudi kwenye leza

Mwezi uliopita tuligusia kidogo tu kwamba ndani ya vifaa vya faiba, zile nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga, kuna kidude kinaitwa isoleta kinachoruhusu mwanga upite upande mmoja peke yake, basi maswali yakaanza kumiminika. Nimechagua haya machache, majina nimeyaacha, miji nimebakiza.

Mzee shikamoo. Mi ni fundi wa faiba hapa Mbale, nafanyia kampuni ndogo ya intaneti. Tuna linki ya 10G ya kama kilomita 60, moduli zake, vile vidude vya kuchomeka vyenye leza ndani, ni zile za 1550 (rangi ya mwanga kwa nanomita) za masafa marefu. Pawa inafika vizuri kabisa lakini makosa hayaishi, saa ingine yanatulia usiku, asubuhi yanaanza tena. Jamaa mmoja kaniambia mwanga unarudi nyuma unaisumbua leza, ati ninunue isoleta niiweke pale mwanzo wa faiba. Bosi anasita kutoa pesa. Ninunue?

Marahaba kijana wangu. Mwache bosi aendelee kusita.

Huyo jamaa hajakudanganya kwa kila kitu. Ni kweli leza haipendi mwanga wake mwenyewe urudi. Leza za DFB, hizo zilizomo kwenye moduli kama zako, zimetengenezwa zitoe rangi moja nyembamba sana ya mwanga, na zinafanya hivo kwa kuuzungusha mwanga ndani ya kachumba kadogo sana ka semikondakta. Sasa kikirudi hata kipande kidogo cha mwanga kutoka nje, kinaingia humo na kuanza kushindana na ule uliomo, leza inayumba, nguvu yake inatetemeka, rangi yake inahama au inatanuka, na huko mwisho wa laini risiva inasoma kelele. Na mwanga wa kurudi haukosekani: popote kioo kinapokutana na hewa, kama asilimia 3 na nusu ya mwanga inageuza. Ncha ya faiba iliyokatwa wima ikaachwa wazi hewani inakurudishia hiyo asilimia 3 na nusu yote, na kwa leza ya DFB hiyo ni nyingi mno.

Lakini aliyetengeneza moduli yako anajua haya yote, ndio maana moduli za masafa marefu isoleta imo tayari ndani, pale mbele ya leza. Niliwahi kuifungua moja iliyokufa, nikaiweka chini ya darubini ya kukagulia konekta. Nyuma ya lile shimo la kuchomekea unaona kipete kidogo sana cha sumaku, katikati yake kipande cha kioo chenye pembe nne, upana wake haufiki hata milimita 2, kimegundishwa palepale kwenye ncha ya faiba. Nikataka kukitoa kwa kibano cha chuma, ile sumaku ikakivuta kibano chenyewe mpaka kikabaki kimening'inia. Sasa ukinunua ingine uiweke nje unaongeza upotevu wa nusu dB hivi (dB ni kipimo cha mwanga unaopotea) na konekta mbili zaidi, yaani sehemu mbili zaidi za kuingiza uchafu.

Ugonjwa wako mi naushuku mahali pengine. Ukiwa na konekta mbili mbovu kwenye laini moja, mwanga unagonga ya pili unarudi, unagonga ya kwanza unageuka tena, alafu unaenda mbele ukiwa umechelewa. Ukifika kwa risiva unagongana na ule uliopita moja kwa moja. Pawa kwenye skrini inasoma vizuri, kwa sababu hicho kinachozunguka ni kidogo, lakini kelele ipo. Na kwa kuwa urefu wa faiba unabadilika kidogo sana joto likipanda na kushuka, kelele hiyo inaweza kuja na kwenda, leo usiku imetulia kesho asubuhi inaanza. Isoleta ya kwenye leza haiwezi kukusaidia hapo hata kidogo, maana mwanga unaokusumbua haujarudi mpaka kwenye leza, unazunguka hukohuko njiani.

Kwa hiyo anza na haya ya bei rahisi. Chukua ile darubini, kagua kila ncha. Ile njia ya mwanga katikati ya faiba upana wake ni kama maikromita 9, unywele wa kichwa ni mnene mara kadhaa kuushinda, kwa hiyo chembe moja ya lile vumbi letu jekundu inatosha kuiziba yote, na ukikaza konekta juu yake inachimba kioo kabisa. Safisha na kalamu ya kusafishia, ile inayolia klik, alafu kagua TENA, usiseme nimesafisha basi. Kingine angalia rangi. Konekta ya kijani ncha yake imekatwa mshazari digrii 8, ya bluu imekatwa wima na kung'arishwa. Watu wanachomeka kijani kwenye bluu kwa sababu inaingia na pawa inasoma kitu, kumbe katikati kumebaki nafasi ya hewa na ile asilimia 3 na nusu inarudi yote. Nimeiona kwenye kabati nyingi kuliko ninavyotaka kusema, na kila mara fundi aliyekuwepo anasema alikuta hivo.

Mwalimu, niko chuo mwaka wa pili hapa Kampala. Tumefundishwa kwamba mwanga ukiweza kupita njia fulani kwenda, unaweza kuirudia njia ileile kurudi. Sasa isoleta inajuaje huu unaenda na huu unarudi? Kioo kina akili?

Swali tamu hili, na nikuambie hata watu wanaouza hivi vidude wengi hawana jibu lake.

Mwanga unatikisika kuvuka njia yake, na kuna kichujio kinaitwa polaraiza kinachopitisha mtikisiko wa upande mmoja tu. Ukiweka polaraiza mbili, ya kwanza imesimama wima ya pili imelala, hakipiti kitu. Hiyo ni nusu ya isoleta na haina maajabu. Maajabu yako katikati.

Septemba 1845, huko London kwenye Royal Institution, Michael Faraday alichukua kipande cha kioo kizito chenye risasi, akakiweka kwenye sumaku ya umeme yenye nguvu, akapitisha mwanga uliochujwa kufuata mkondo wa sumaku. Mtikisiko ukatoka umezunguka. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuonyesha kwamba mwanga na sumaku vina undugu. Na kilichomo ndani ya jaribio lake ni hiki: upande ambao mtikisiko unazungukia unaamuliwa na sumaku imeelekea wapi, HAUAMULIWI na mwanga unaenda wapi.

Linganisha na maji ya sukari. Nayo yanazungusha mtikisiko, lakini ukiurudisha mwanga kwa njia ileile unajizungushua, unafika mwanzo kama ulivyoondoka. Ile sheria uliyofundishwa inatimia. Kwenye kioo cha Faraday ukiurudisha, haujizungushui, unaendelea kuzunguka upande uleule. Digrii 45 wakati wa kwenda, digrii 45 zingine wakati wa kurudi, jumla 90.

Sasa jenga isoleta. Polaraiza ya kwanza wima. Kipande cha Faraday kilichokatwa unene wa kuzungusha digrii 45 kamili. Polaraiza ya pili imeinamishwa digrii 45, kwa hiyo mwanga wa kwenda unaikuta inamngoja, unapita bila shida. Mwanga wa kurudi unaingia kupitia polaraiza ya pili ukiwa kwenye 45, unazungushwa 45 zaidi, unafika kwa ile ya kwanza umelala kabisa, na ile ya kwanza ipo wima. Hapiti mtu. Kioo hakina akili, sumaku ndio inayoshikilia kumbukumbu ya upande, na ukiigeuza sumaku peke yake basi na mlango umegeuka.

Alichokupa mwalimu wako si kosa, alikuachia sharti moja tu: kusiwe na sumaku njiani.

Kioo cha Faraday kilikuwa kinazungusha kidogo sana. Vidude vya leo vinatumia garneti, fuwele zenye chuma ndani. Ile ya zamani ya itriamu na chuma, wanaiita YIG, inataka unene wa kama milimita 2 na zaidi kufikisha digrii 45 kwenye mwanga wa 1550. Wakaja wakagundua ukiweka bismuthi ndani yake inazungusha kwa nguvu zaidi mara nyingi, ikashuka mpaka kama nusu milimita. Hapo ndipo isoleta ikaweza kuingia ndani ya moduli ndogo unayoishika kwa vidole viwili. Kuna hata garneti zinazojishikia usumaku zenyewe, kile kipete cha nje hakihitajiki tena. Mahali watu wanapohangaika hadi leo ni kuiweka isoleta ndani ya chipu yenyewe ya silikoni pamoja na leza, maana garneti na silikoni hazikui pamoja kirahisi, moja inataka joto na mpangilio ambao mwenzake hautaki. Ukitafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho anza kusoma hapo.

Ndugu mhariri, mimi na mume wangu tuna biashara ya kebo ya TV huku Arua. Tulinunua amplifaya ya 1550 ili tufikie mtaa wa mbali, na kwenye mchoro wake kuna isoleta mbili, moja mwanzo moja mwisho. Kazi yake nini? Na kitu kingine kinanishangaza: fundi aliweka mashine ya OTDR tukiwa tumezima mitambo, ikaonyesha kebo imekatika palepale kwenye amplifaya. Akataka tuchimbe. Lakini tukiwasha, TV za mtaa wa mbali zinaonyesha kama kawaida!

Dada, naomba mlikuwa hamjachimba.

Kebo haijakatika. OTDR inafanya kazi kwa kutuma mpigo wa mwanga na kusikiliza kile kidogo kinachorudi kutoka kila mita ya faiba. Mpigo ulipofika kwenye amplifaya ukakutana na isoleta, na isoleta kazi yake ni kukataa kurudisha. Hata kama kitu kilipita mbele, mrejesho wake haukuruhusiwa kurudi kwenye mashine. Kwa mashine, ukimya huo ni sawa na mwisho wa faiba. Ukitaka kukagua ng'ambo ya amplifaya inabidi uhame, uchomeke mashine upande wa pili wake, uangalie kuanzia hapo kwenda mbele. Kwenye laini yoyote yenye amplifaya, ukiona mstari umekufa angalia kwanza ramani kama kilomita ile ndipo amplifaya ilipo, kabla hujaita watu wa majembe.

Sasa kwa nini ziwe mbili. Amplifaya yako ndani ina faiba yenye madini ya erbiamu, inasukumwa na leza ingine mpaka inakuwa tayari kuzidisha mwanga wowote wa karibu na 1550 unaopita. Neno ni WOWOTE. Haijali unaenda au unarudi. Piga hesabu: tuseme inazidisha mara 100. Na tuseme kila upande kuna konekta mbovu inayorudisha ile asilimia 3 na nusu. Mwanga unaenda, mara 100, unarudishwa 0.035, unapita tena kinyume, mara 100, unarudishwa 0.035 tena. 100 × 0.035 × 100 × 0.035 ni kama 12. Yaani kila mzunguko unarudi umekua mara 12, na ukizunguka tena mara 12 nyingine. Hiyo sio amplifaya tena, imejigeuza leza, inapiga mwanga wake yenyewe na picha za TV yako zinazama humo. Isoleta moja ya dB 30 inagawanya kile cha kurudi kwa 1,000, 12 inakuwa 0.012, kila mzunguko unafifia na mambo yanatulia. Ile ya mwanzo ina kazi ya pili: erbiamu inatoa mwanga wa kelele pande zote mbili hata bila kuchokozwa, bila isoleta kelele hiyo ingerudi nyuma mpaka kwenye transmita yako.

Hii ndio hali ya karibu kila amplifaya ya aina hiyo duniani. Intaneti tunayotumia hapa Uganda nyingi inaingia kutoka kwa kebo za baharini zinazotua Mombasa, kama SEACOM iliyofika 2009, alafu inapanda kwa nchi kavu kupitia Nairobi mpaka mpakani Malaba au Busia. Kwa barabara Mombasa mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, na faiba ya kawaida inapoteza kama dB 0.2 kila kilomita kwenye 1550, kwa hiyo kila baada ya kilomita 80 mpaka 100 hivi panahitajika amplifaya, na kila moja na isoleta zake. Ndio maana laini kubwa hizi zinatumia faiba mbili, moja ya kwenda moja ya kurudi. Kwenye faiba moja, hizo isoleta zingeruhusu mazungumzo ya upande mmoja tu.

Kwenye TV konekta zenu zote ziwe za kijani, hamna mjadala. Ishara ya TV ya analogi inaonyesha kelele ya mwanga unaozunguka haraka kuliko data. Na tafadhali mwambie fundi asichungulie ncha ya faiba ya amplifaya hiyo ikiwa imewashwa. Mwanga wa 1550 hauonekani, jicho halikuonyi, na amplifaya za TV zina nguvu za kutosha kukuumiza.

Nina mtandao mdogo wa faiba majumbani hapa Fort Portal, GPON. Nikiweka isoleta kati ya OLT (mashine yetu inayotumia nyumba zote mwanga) na splita (kidude kinachougawa kwa kila nyumba) si nitalinda leza ya OLT?

Utaizima mitaa yote, ssebo. GPON inatumia faiba moja kwa pande zote mbili: kushuka ni 1490, kupanda ni 1310. Isoleta hapo itapitisha ya kushuka, ya kupanda ifie mlangoni, OLT isisikie nyumba hata moja. Usiweke.

Mi naagiza vifaa vya faiba kutoka nje niko Jinja. Kuna mteja kaniomba isoleta za kuweka kwenye laini, nimefungua orodha nikakuta aina nyingi mpaka kichwa kinauma, hatua moja, hatua mbili, PM, sijui nini. Nichague vipi nisije nikarudishiwa mzigo?

Kwanza muulize mteja mwanga wake ni upi, 1310 au 1550. Hilo ndilo linaloleta kurudishiwa mizigo. Garneti iliyokatwa kwa ajili ya 1310 ni nyembamba zaidi, ukipitisha 1550 haifikishi digrii 45, na kosa dogo linaumiza: ikikosea digrii 2 tu, hata kama kila kitu kingine ni safi, uzuiaji wa mwanga wa kurudi unashuka mpaka kama dB 29. Joto nalo linafanya hivohivo, garneti ikipata moto inazungusha kidogo kuliko ilivyopangwa, kwa hiyo namba ya kwenye datashiti iliyopimwa kwenye nyuzi 25 usiichukue kama ahadi kwa kabati la bati linalokaa juani. Tafuta ile namba ya chini kabisa, inayohesabu joto lote na upana wote wa rangi.

Hatua moja inakupa kama dB 30 hivi, hatua mbili ni isoleta mbili zimefuatana ndani ya gamba moja, dB 45 na kupanda, bei juu na upotevu wa kwenda juu kidogo. Kwa amplifaya ya kawaida hatua moja mara nyingi inatosha.

PM ni kwa faiba maalumu inayoshikilia mtikisiko usihame, kama mteja hajaitaja basi haihitaji. Ila hakikisha ni ile isiyojali mtikisiko. Zile za ndani ya leza zinatumia polaraiza kwa sababu mwanga wa leza unatoka ukiwa na mtikisiko unaojulikana, lakini ukishasafiri kwenye faiba ya kawaida mtikisiko unahangaika ovyo, polaraiza ingeukata nusu leo na robo kesho. Za kwenye laini zina vipande vya fuwele vilivyochongwa mshazari, vinaugawa mwanga mara mbili, kila nusu inazungushwa yake, alafu zinaunganishwa upya. Za kurudi hazinyonywi, zinatoka zimepinda pembeni zikikosa mlango wa faiba. Kwa hiyo mwanga uliokataliwa unaishia kwenye gamba kama joto, ndio maana kuna kikomo cha nguvu kimeandikwa, kiangalie kama mteja ana amplifaya kubwa.

Umbo lenyewe ni kijichuma cha mviringo, unene kama milimita 5 na nusu, urefu milimita 30 na kitu, na faiba imetoka kila upande. Juu yake kuna mshale. Mzigo ukifika chukua taa ya kupimia ya 1550 na pawa mita, sio ya 1310. Pima kufuata mshale, upotevu uwe chini ya dB 1 hata na konekta. Geuza, pima kinyume, ya hatua moja isome upotevu wa karibu 30 au zaidi. Inayosoma 15 kwa kinyume ni ya rangi ingine au imevunjika ndani, na inayopitisha sawasawa pande zote, hapo kuna mtu kakuuzia bomba tupu.